Maji Yale Yale, Siku Tofauti: Kisa cha Robo Ekari ya Nyanya Katika Uwanda wa Kano

Jina la mkulima, kijiji chake na mto anaoteka maji vimeondolewa. Tarehe na vipimo vimeachwa kama vilivyokuwa katika daftari la shamba, maana bila hivyo kisa hiki hakina la kufundisha.

Shamba na mkulima

Uwanda wa Kano uko mashariki mwa mji wa Kisumu, kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, chini ya miteremko ya Nandi. Januari na Februari mchana hufika nyuzi 33 hadi 35. Udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi: mvua ikinyesha unang'ang'ania gumboti, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza vidole.

Mkulima ni mama aliyelima sukuma wiki na managu kwa miaka mingi. Nyanya alikuwa amezipanda mara mbili, zote wakati wa mvua. Safari hii alilenga kiangazi, kwa hesabu ya kueleweka: Februari wakulima wasio na maji hawana nyanya, na soko la Kibuye, mjini Kisumu, hulipa vizuri. Maji alikuwa nayo, mita 80 kutoka shambani.

Alitenga robo ekari, yaani mita za mraba 1,012. Nafasi ilikuwa sentimita 90 kati ya mistari na 60 kati ya miche, na baada ya kuacha njia iliingia miche 1,700. Mbegu ilikuwa Rio Grande: bei nafuu, mmea mfupi usiodai vigingi virefu, tunda lenye ngozi ngumu linalostahimili safari ya boda boda. Chaguo zuri kwa soko lake. Ila mbegu hiyo haina kinga dhidi ya mnyauko wa bakteria, jambo ambalo halikuulizwa dukani.

Mambo yalivyokwenda

Mbegu zilisiwa 20 Oktoba kwenye kitalu chenye kivuli cha nyasi. Wiki ya mwisho kivuli kiliondolewa na maji yakapunguzwa ili miche izoee jua. Ilihamishwa 22 Novemba, baada ya saa kumi jioni. Kila shimo lilipata viganja viwili vya samadi ya mbuzi iliyooza na kifuniko kimoja cha soda cha DAP, gramu 5 hivi, kikachanganywa na udongo kwanza ili mbolea isiunguze mizizi. Miche 40 tu ndiyo iliyokufa, ikarudishiwa. Sehemu hii ilifanywa sawasawa.

Mvua za vuli ziliendelea hadi katikati ya Desemba, na kwa hiyo hakuna aliyejali umwagiliaji. Zilipokatika, mkulima alianza kukodi pampu ya petroli ya inchi 3 kila Jumamosi. Maji yalifunguliwa kwenye mifereji kwa saa mbili, mpaka matuta yote yalowe. Alichagua Jumamosi kwa sababu mbili: mwenye pampu alikodisha kwa siku nzima, na watoto walikuwa nyumbani kumsaidia kufungua na kufunga mifereji. Tarehe 20 Desemba aliweka CAN, mbolea ya nitrojeni ya kukuzia, gramu 10 kila mche.

Maua yalianza 27 Desemba. Wiki ya kwanza ya Januari yakaanza kudondoka: kifundo kwenye kikonyo cha ua kinageuka njano, ua linakauka na kuanguka likiguswa. Majirani wakasema ni jua. Muuzaji wa agroveti naye akasema ni jua, akauza dawa ya majani ya kushikilia maua. Ilipuliziwa saa sita mchana. Kingo za majani zikaungua.

Tarehe 12 Januari matunda ya kichala cha kwanza, yaliyofikia ukubwa wa yai, yalionekana na doa jeusi lililobonyea upande wa chini. Mkulima alihesabu matunda 100 kutoka mistari mbalimbali. Yaliyooza kitako yalikuwa 38. Alikuwa amesikia kwamba kuoza kitako ni upungufu wa kalsiamu, na CAN ina kalsiamu. Kesho yake akaweka gramu 20 kila mche.

Tarehe 16 Januari vibarua waliona njia za viwavi wa Tuta absoluta ndani ya majani. Mdudu huyu yuko Kenya tangu 2014, na mkulima yeyote wa nyanya ana haki ya kumwogopa. Waliambiwa watoe majani yenye viwavi. Walitoa hayo, wakatoa na mengi yaliyokuwa mazima, mpaka vichala vikabaki wazi. Siku nne baadaye matunda yaliyotazama magharibi yalikuwa na mabaka meupe kama karatasi.

Tarehe 18 Januari, kwenye pembe ya chini ya shamba, mimea kadhaa ililegea mchana na kuinuka usiku, majani yakiwa bado kijani. Ilionekana kama kiu. Mkulima alielekeza mfereji wa ziada kwenye pembe ile. Kufikia 24 Januari mimea 60 ilikuwa imekufa, mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata mfereji.

Uchunguzi wa 24 Januari

Afisa wa kilimo wa wadi alifika siku ya Alhamisi, siku tano baada ya maji ya mwisho. Bahati njema, maana angefika Jumapili asingeona kitu.

Kwanza alichimba shimo katikati ya tuta. Sentimita 12 za juu zilikuwa vumbi lenye nyufa za upana wa vidole viwili. Bonge la udongo kutoka sentimita 15 lilipobanwa kiganjani lilivunjika vipande vipande, halikushikana. Lakini sentimita 50 chini udongo ulikuwa mbichi, unanata. Maana yake ni kwamba maji ya Jumamosi yalikuwa yakitumbukia kwenye nyufa na kupita kando ya mizizi kabla mabonge ya juu hayajalowa. Mizizi mingi ya nyanya inayofanya kazi iko katika sentimita 30 za juu. Isitoshe, nyufa zenyewe zilikuwa zimekata mizizi myembamba. Ilionekana ikining'inia ukutani mwa ufa.

Pili alipima pampu. Pipa la lita 200, likiwekwa mwisho wa bomba pale shambani, lilijaa kwa sekunde 36, yaani lita 20,000 kwa saa. Saa mbili ni lita 40,000. Zikigawanywa kwa mita za mraba 1,012, ni milimita 40 hivi kwa wiki. Nyanya zenye matunda katika jua kama lile huhitaji milimita 5 hadi 6 kwa siku, sawa na 35 hadi 42 kwa wiki. Mkulima hakuwa amebania maji hata kidogo. Kiasi kilitosha; kilichokosekana ni mpangilio wa siku.

Tatu aliomba majibu ya kipimo cha udongo ambacho mkulima alikuwa amefanyiwa kabla ya kupanda. pH 7.1, kalsiamu nyingi. Udongo mweusi wa aina hii mara nyingi ni tajiri wa kalsiamu.

Nne alikata kipande cha shina kutoka mmea ulionyauka, karibu na ardhi, akakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika tatu nyuzi nyeupe kama maziwa zilianza kushuka kutoka kwenye mkato. Huo ni mnyauko wa bakteria, na hauna dawa ya kupulizia. Shina la mmea wenye kiu tu halitoi nyuzi hizo.

Maamuzi na sababu zake

Maji yaligawanywa: Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi, dakika 40 kila mara, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mkulima alipinga. "Daktari, mafuta yatanimaliza." Jibu lilikuwa la hesabu: "Mama, dakika arobaini mara tatu ni saa mbili zile zile." Kikwazo halisi kilikuwa kodi ya pampu, si mafuta. Mwenye pampu alikubali bei ndogo kwa sababu alirudishiwa kabla ya saa mbili asubuhi, akaweza kukodisha kwa mwingine siku hiyo hiyo. Wakulima wengi hawaulizi swali hilo.

Kabla ya maji ya kwanza ya mpango mpya, matuta yalipaliliwa kwa jembe kwa kina cha sentimita 5 tu, kuziba nyufa kwa udongo uliovunjwa. Kumwaga maji juu ya nyufa zilizo wazi ni kuyapeleka chini. Kupalilia zaidi ya hapo kungekata mizizi iliyobaki.

Siku mbili baadaye matuta yalitandazwa majani makavu ya mpunga kutoka Ahero, unene wa sentimita 7, yakiachwa sentimita 8 kutoka shina ili shina lisikae unyevuni. Marobota 45 yalitosha. Mfumo wa matone ulizungumziwa ukaachwa: zao lilikuwa limebakisha miezi miwili, na fedha za mabomba zingelazimika kutoka kwenye mavuno ambayo hayakuwa na uhakika.

CAN ilisimamishwa kabisa. Matunda yote yaliyooza kitako yalitolewa, kwa kuwa doa likishatokea halirudi nyuma na tunda lile linaendelea kula chakula cha mmea. Majani mazima hayakuguswa tena. Yaliyo na viwavi yalitiwa kwenye mfuko wa plastiki, ukafungwa na kuachwa juani. Mitego minne ya harufu ya kunasa nondo dume iliwekwa, beseni chini yake ikiwa na maji na sabuni.

Kwenye pembe ya mnyauko, mimea iling'olewa pamoja na udongo wa mizizini, ikawekwa magunia, ikakaushwa na kuchomwa mbali na shamba. Mfereji wa ziada wa pembe hiyo ulifungwa, na pembe yenyewe ikaanza kumwagiliwa mwisho, maji yasitoke huko kwenda kwingine. Jembe lililotumika pale lilioshwa kwa jiki kabla ya kugusa upande mwingine.

Matokeo

Matunda yaliyoshika baada ya 1 Februari yalihesabiwa kwa njia ile ile: kati ya 100, yaliyooza kitako yalikuwa 6. Udondokaji wa maua ulipungua lakini haukuisha. Siku zilizofika nyuzi 35 maua bado yalianguka. Mnyauko uliua jumla ya mimea 190, yote katika theluthi ya chini ya shamba.

Mavuno yalianza 11 Februari hadi mwisho wa Machi. Kilo 2,640 ziliuzwa na karibu kilo 700 zilitupwa. Lengo lilikuwa kilo 5,000, yaani kama kilo 3 kwa mmea. Gharama zilirudi na faida ikabaki, ndogo. Kichala cha kwanza, ambacho kingeingia Kibuye wakati bei iko juu, ndicho kilichopotea zaidi.

Uchambuzi: lipi lilikuwa jua, lipi lilikuwa maji

Kosa kubwa la kisa hiki lilikuwa kuharakisha kutaja chanzo cha kila dalili bila kuchunguza. Maua yaliambiwa ni jua, vitako ni kalsiamu, mnyauko ni kiu. Ni kweli jua lilihusika katika baadhi ya dalili, lakini kila mara lilipita mlango wake.

Maua ndiyo yaliyoathiriwa na joto moja kwa moja. Chavua ya nyanya hudhoofika mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35, na ua lisilochavushwa hudondoka. Lakini mmea wenye kiu hudondosha maua hata joto likiwa la wastani, na kwa hiyo dalili moja ina vyanzo viwili. Njia ya kutofautisha ni kuangalia siku: maua yakianguka zaidi Alhamisi na Ijumaa kuliko Jumapili na Jumatatu, hilo si jua, kwa maana jua ni lile lile wiki nzima. Daftari la mkulima lilionyesha hivyo hasa, ila hakuna aliyelisoma kwa jicho hilo. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe likitikiswa na upepo au nyuki, hasa asubuhi. Dawa ya dukani haifanyi kazi hiyo, na kupulizia saa sita kuliongeza jeraha.

Kuoza kitako ndiko kulikoeleweka vibaya zaidi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea kwa kuvutwa na maji yanayopanda kutoka mizizini na kutokea kwenye majani kama mvuke. Jani linatoa mvuke mwingi, tunda linatoa mdogo sana. Maji yakipungua, majani huvuta kilichopo na tunda hubaki nyuma, na ncha yake, iliyo mbali zaidi na kikonyo, hufa kwanza. Ndiyo maana shamba lenye kalsiamu tele linaweza kujaa vitako vyeusi. Kuongeza CAN hapo kuna madhara mara mbili. Kalsiamu ya CAN inatokana na unga wa mawe ya chokaa na huyeyuka polepole, haiwahi tunda linalokua kwa siku kumi. Na nitrojeni yake huwahi: nusu iko katika hali ya amonia, ambayo hushindana na kalsiamu kuingia mizizini, na yote kwa pamoja huotesha majani mengi mapya yanayozidi kuvuta maji. Mkulima alifikiri kwa mantiki nzuri kutokana na alichoambiwa. Aliyemwambia "upungufu wa kalsiamu" alisema ukweli nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa ndiyo yenye kazi.

Mabaka meupe yalikuwa jua kweli, lakini mlango ulifunguliwa na vibarua. Tunda lililokua kivulini halina kinga likifunuliwa ghafla, na upande wa magharibi ndio unaopokea jua la alasiri. Katika joto hili jani juu ya kichala ni mwavuli. Hata lenye njia mbili za viwavi lina faida kuliko kutokuwepo, ukiweza kumtoa kiwavi kwa kubana kwa kidole.

Mnyauko haukuletwa na jua wala kiu. Bakteria huyu hupenda udongo wenye joto na unyevu, na hutembea na maji. Mfereji wa ziada ulimpa vyote viwili. Kanuni ya shambani ni hii: mmea ukilegea mchana huku udongo wa sentimita 15 ukishikana kiganjani, usiongeze maji, kata shina, chukua glasi.

Tarehe ya kupanda nayo ina lawama. Maua yaliyoanza 27 Desemba yaliingia moja kwa moja kwenye wiki za joto kali. Mbegu ingesiwa katikati ya Septemba, vichala viwili vya kwanza vingeshika Novemba na Desemba chini ya mawingu ya vuli, na mavuno bado yangefika sokoni Januari.

Kwa upande wa hatua za baada ya 24 Januari, kugawa maji kulifanya kazi kubwa kuliko zote pamoja. Matandazo yalifuata: siku ya tatu baada ya maji, udongo chini ya majani ya mpunga ulishikana kiganjani, ilhali kwenye tuta lililoachwa wazi makusudi kwa kulinganisha ulivunjika. Lakini matandazo yalichelewa. Yangewekwa siku ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu wa vuli, nyufa zisingefunguka hivyo.

Na yalikaa kupita muda wake. Mvua za masika zilipoanza wiki ya tatu ya Machi, majani ya mpunga yaliyoteleza hadi mifereji yaliziba maji, udongo ukajaa, na matunda yaliyolala juu ya majani mabichi yakaoza. Sehemu kubwa ya zile kilo 700 ni za wiki hizo mbili. Kwenye udongo unaokauka haraka na kulowa haraka, matandazo ya kiangazi yanapaswa kutolewa kwenye mifereji mara wingu la kwanza la masika linapoonekana. Ushauri haukutaja hilo.

Jambo moja zaidi kuhusu rangi. Februari wanunuzi walilalamika kwamba nyanya ni za machungwa, hazijaiva. Joto likipita nyuzi 30 tunda hutengeneza rangi nyekundu kidogo sana, hata likikaa kwenye mmea wiki nzima. Mkulima alianza kuchuma kitako kinapoanza kubadilika rangi tu, akatandaza matunda kwenye nyumba ya matope yenye hewa, mkeka mmoja, bila kurundika. Siku nne hadi tano yaliwiva mekundu. Njia hiyo ilipunguza pia mipasuko, kwa kuwa tunda halikungoja maji yanayofuata likiwa limejaa.

Pembe ya chini

Afisa aliuliza pembe ya mnyauko ilikuwa na nini kabla. Managu, misimu miwili mfululizo, na mengine yalikuwa bado yanajiotea kwenye ua. Managu ni ndugu wa nyanya, sawa na viazi, pilipili hoho na biringanya, na hubeba bakteria yule yule, wakati mwingine bila kuonyesha dalili kubwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia mkulima kwamba mboga anayoiamini kuliko zote inaweza kumtunzia ugonjwa.

Managu ya kwenye ua yaling'olewa. Pembe imepandwa mahindi, yatafuatwa na vitunguu kisha mahindi tena, na kitalu cha managu kimehamishiwa upande wa pili wa boma, ambako maji yake hayateremki kuingia shamba la nyanya.